Vepu ndogo ya kujaza inanipa ladha ya kuungua na sigara bado navuta: nakosea wapi?

SWALI: Salaam, daktari. Nina miaka 43, mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester na mke na watoto wawili wadogo. Nimevuta sigara tangu nikiwa na miaka 19; ni kama 15 kwa siku, na ya kwanza naiwasha kabla hata ya chai ya asubuhi. Nilikuwa nimeanza kupunguza kwa vepu, yaani sigara za kielektroniki, zile za kutupa, lakini zilipopigwa marufuku Juni 2025 nikarudi kwenye pakiti. Wiki tatu zilizopita nimenunua kile kivepu kidogo cha kujaza. Mwenzangu kazini, mwenye lile dude kubwa linalotoa mvuke kama treni, akanigawia mafuta yake kwenye chupa iliyoandikwa 3. Siku ya kwanza nilivuta kutwa nisitosheke, siku ya pili kikaanza kutoa ladha ya nguo iliyoungua, na sasa kinavuja mfukoni. Sigara zimebaki nane kwa siku. Je, kifaa ni kibovu au mimi ndiye nimeshindwa? Na Desemba naenda nyumbani kupitia Doha, kisha Kampala kwenye harusi. Naweza kwenda nacho?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza nirekebishe cheo ulichonipa. Mimi ni mfamasia, si daktari, na kazi yangu hapa Uingereza kwa miaka kadhaa sasa ni kukaa na watu wanaotaka kuachana na sigara, mmoja mmoja, wiki baada ya wiki. Umenirahisishia kazi kwa kutaja namba iliyo kwenye chupa, jambo ambalo wengi hulisahau. Kwa maelezo uliyonipa, kifaa chako hakina ubovu, na wewe huna udhaifu wowote usiotarajiwa kwa mtu aliyevuta miaka 24. Kosa liko kwenye chupa. Umekitilia kifaa kidogo kimiminika kilichotengenezwa kwa ajili ya kifaa kikubwa, na matatizo yako yote matatu yanaanzia hapo, ingawa hilo la kuvuja lina mkono wako pia.

Tuanze na hiyo namba 3. Sheria ya hapa, inayofuata kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2016, inataka kimiminika chenye nikotini kisizidi miligramu 20 kwa kila mililita, kiuzwe katika chupa isiyozidi mililita 10, na chumba cha kukijazia kisizidi mililita 2. Wapenzi wa vifaa vikubwa, ambao humaliza mililita 10 kwa siku moja bila shida, waliiona chupa hiyo kuwa ndogo mno, na wauzaji wakawatafutia njia ya kuipita sheria bila kuivunja. Wanauza chupa ya mililita 60 yenye mililita 50 za kimiminika kisicho na nikotini kabisa, kisha mnunuzi anamiminia humo kichupa cha mililita 10 chenye nguvu ya miligramu 18. Piga hesabu: mara 10 mara 18 unapata miligramu 180, na ukizigawanya katika mililita 60 unabaki na 3 kwa kila mililita. Nadhani chupa ya mwenzako ni ya ukoo huo.

Kwake yeye 3 inatosha. Kifaa chake huenda kinatumia wati 60 au zaidi, na kila anapovuta hugeuza kimiminika kingi kuwa mvuke, kwa hiyo nikotini kidogo katika mvuke mwingi humfikishia kiasi anachokihitaji. Kifaa chako kinatumia wati 10 hadi 15 hivi, na mvuke wake ni mwembamba kama wa kikombe cha chai. Ukitia humo kimiminika cha miligramu 3, kinachokufikia ni harufu tu. Vepu za kutupa ulizokuwa ukizitumia zamani zilikuwa kwa kawaida za miligramu 20. Kwa hiyo umemtoa mtu aliyezoea kahawa chungu ya kijiweni, ukampa maji yaliyosuuzia dele, halafu unashangaa kwa nini bado anapiga miayo. Ile hali ya kutotulia, ambayo vijana wa nyumbani huiita arosto, haikuwa imeguswa hata kidogo, na ndiyo maana ulivuta kutwa nzima.

Mtu anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, hata kama havuti pakiti nzima kwa siku, mwili wake umefungwa na nikotini kwa kamba ngumu. Swali hilo la dakika ndilo la kwanza ninalouliza, kabla ya kuuliza idadi ya sigara, na wewe umelijibu bila kuulizwa. Kwa mtu wa namna yako mimi huanzia miligramu 20, wala siogopi. Wanaoanzia chini kwa kudhani wanajihurumia ndio ninaowaona wakirudi kwenye pakiti.

Hapo kuna jambo la aina ya nikotini ambalo unapaswa kulijua kabla ya kwenda dukani. Nikotini ya kawaida ikifika miligramu 18 au 20 huchoma koo kama pilipili kichaa, hasa kwa mgeni. Ile inayoandikwa kuwa ya chumvi, ambayo haina uhusiano wowote na chumvi ya mezani, imechanganywa na asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, na mchanganyiko huo huishusha ukali wa magadi na kulifanya koo liipokee kwa upole hata ikiwa na nguvu kubwa. Vepu za kutupa zilitumia hiyo. Kwa hiyo maneno ya kumwambia muuzaji ni haya: nataka nikotini ya chumvi, miligramu 20, chupa ya mililita 10, nusu kwa nusu. Neno hilo la mwisho ndilo linalotupeleka kwenye ladha yako ya nguo iliyoungua.

Kimiminika cha vepu ni mchanganyiko wa vitu viwili vikuu, propilini glikoli na glisirini ya mimea, pamoja na vionjo na nikotini. Propilini glikoli ni nyepesi na hutiririka kwa urahisi. Glisirini ni nzito, tena ni ya jamii ile ile ya glisirini tunayopaka ngozi ikikauka wakati wa baridi, ingawa hiyo ya kupaka usithubutu kuitia kwenye kifaa. Glisirini ndiyo inayotoa wingu. Wenye vifaa vikubwa hupenda mchanganyiko wenye asilimia 70 ya glisirini au zaidi. Vifaa vidogo kama chako vimeundwa kwa nusu kwa nusu.

Sasa kumbuka kibatari cha nyumbani, kile cha kopo na utambi wa kitambaa. Mafuta ya taa yakiwepo, utambi hauungui. Yanayoungua ni mafuta yanayopanda. Yakikauka, moto unageukia utambi wenyewe, na nyumba nzima inajaa ile harufu unayoifahamu. Ndani ya podi yako, yaani kile kichumba cha kujazia kinachochomekwa kwenye betri, mna kitu cha namna hiyo hiyo. Kuna koili, yaani waya au kipande cha wavu wa chuma kinachopashwa moto na betri, na kimezungukwa na pamba inayonyonya kimiminika kutoka kwenye chumba. Matundu ambayo pamba hiyo inanyonyea ni madogo sana. Kimiminika kizito hakipiti upesi. Wewe unavuta, unavuta tena baada ya sekunde tano kwa kuwa hujatosheka, na mvuto wa tatu unaikuta pamba imekauka. Pamba inaungua. Ikishaungua haisafishiki, haioshwi, na haikaushwi juani ikarudi kuwa mpya, hata kama mtu fulani mtandaoni anadai hivyo. Podi hiyo itupe.

Podi mpya utakayonunua itakuwa na namba ya omu ubavuni, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa koili. Kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wenye miligramu 20, tafuta iliyo kati ya 0.8 na 1.2. Ya 0.4 au 0.6 hupitisha umeme mwingi zaidi, hutoa mvuke mwingi na wa moto zaidi, na nikotini ya 20 katika podi ya namna hiyo inaweza kukupa kichefuchefu na kizunguzungu kabla hujamaliza mivuto kumi. Hakikisha pia kuwa podi ni ya jina na toleo lile lile la kifaa chako, kwa kuwa zinafanana sana dukani na haziingiliani.

Namna ya kujaza nitaieleza polepole, kwa sababu hapa ndipo mkono wako ulipohusika. Chomoa podi kwenye betri. Ubavuni au chini utaona kizibo kidogo cha mpira. Kiinue kwa kucha, usiking'oe. Ilaze podi kidogo, ingiza ncha ya chupa hadi iguse ukingo wa tundu, kisha bonyeza chupa taratibu ukiitazama podi dhidi ya mwanga. Kimiminika kitashuka na hewa itapanda kwa viputo. Acha nafasi ndogo juu, upana wa punje ya mchele hivi, usijaze mpaka kifurike. Rudisha kizibo na ukikandamize pande zote mpaka usikie kimekaa. Futa nje kwa karatasi ya chooni, futa na vile vipande vya dhahabu vya kupitishia umeme. Halafu, na hapa ndipo subira ya watu inapoishia, iweke podi wima juu ya meza kwa dakika kumi bila kuigusa. Dakika hizo ni za pamba kulowana hadi ndani. Wanaovuta mara tu wakishajaza huiunguza podi mpya siku ile ile, kisha huirudisha dukani kwa lawama.

Podi iliyotunzwa hivyo hudumu wiki moja hadi mbili. Vimiminika vitamu sana, vile vya ladha ya peremende na keki, huifupisha, kwa kuwa sukari zake za viwandani huganda juu ya koili kama ukoko wa sufuria. Mimi huwashauri watu waanze na ladha ya mnanaa au ya tumbaku, lakini sibishani na mtu kuhusu ladha. Wengine hugundua kwamba ladha isiyofanana na sigara hata kidogo ndiyo inayowasahaulisha sigara.

Kuhusu kuvuja, tofautisha mambo mawili. Unyevu mdogo chini ya podi ni mvuke uliopoa ukawa matone, na huo hauna tiba zaidi ya kufuta kila siku. Kimiminika kinachotiririka mfukoni ni jambo lingine, na sababu yake kwako, kama sikosei, ni nguvu ya mvuto. Ulipokuwa hutosheki ulianza kuvuta kwa mashavu yote, kama mtu anayenyonya juisi ya miwa iliyoziba kwenye mrija, na mvuto huo hukivuta kimiminika chenyewe hadi ndani ya koili na kwenye njia ya hewa. Utakijua kifaa kilichofurika kwa sauti: kinakoroma kama kiko cha maji cha wazee. Kikikoroma, chomoa podi, igeuze mdomo chini juu ya karatasi, ikung'ute mara mbili tatu, kisha irudishe. Na mfukoni kisimame wima.

Namna ya kuvuta nayo ina adabu yake. Vuta polepole kwa sekunde tatu au nne, mvuke ukae mdomoni, kisha uvute pumzi uupeleke ndani. Ndivyo ulivyokuwa ukivuta sigara bila kujua. Pumzika nusu dakika kabla ya mvuto mwingine, pamba ipate kulowana. Usitegemee lile pigo la kifuani ambalo sigara hukupa ndani ya sekunde chache. Nikotini ya kifaa hiki hupanda taratibu zaidi, kwa hiyo badala ya kusubiri hamu ikushike ndipo ukivute kwa pupa, kivute kidogo kidogo tangu asubuhi. Huo wa kabla ya chai ndio muhimu kuliko yote. Kilaze kikiwa na chaji, karibu na mahali unapoweka sigara sasa, na mvuto wa kwanza wa siku uwe wake. Kwa wateja wangu wengi wa kiwango chako, kati ya mililita 1 na 2 kwa siku hutosha. Ukiona moyo unaenda mbio, kichwa kinauma au tumbo linachafuka, umezidisha. Acha kwa saa moja, na hali itatulia yenyewe, kwa sababu nusu ya nikotini iliyo mwilini huondoka kwa saa mbili hivi.

Siku tatu au nne za mwanzo utakohoa kidogo na mdomo utakauka, kwa kuwa propilini glikoli hunyonya maji. Kunywa maji mara kwa mara. Baadhi hupata vidonda vidogo mdomoni, na hivyo huja kwa kuacha sigara kwa njia yoyote ile, si kwa sababu ya kifaa.

Nikija kwenye swali lako kubwa zaidi, la kama umeshindwa, nina maoni ambayo si kila mtu anayapenda. Ukijaribu kifaa hiki, usikipime kwa kujiuliza kama unakipenda. Ukipime kwa idadi ya sigara zilizobaki, na idadi inayotafutwa ni sifuri. Kushuka kutoka 15 hadi 8 ni dalili nzuri, na nisingependa uidharau, lakini mtu anayevuta sigara nane na vepu juu yake hajapata faida ya kiafya anayodhani ameipata. Mvutaji aliyepunguziwa idadi huvuta kila moja kwa nguvu zaidi na hadi mwisho kabisa, bila kukusudia.

Ninalisema hili kwa sababu ya kijimashine tunachokitumia kazini. Mteja anashikilia pumzi kwa sekunde 15, anapuliza, na namba ya kaboni monoksidi inatokea. Hiyo ni gesi ya moto, ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Mtu wa sigara 15 mara nyingi huonyesha 15 hadi 25. Tukipata chini ya 10 tunamhesabu kuwa havuti. Nimewahi kumpima mzee aliyekuwa amefurahi sana kwamba amefikia sigara sita na vepu, namba ikatoka 17, akatazama kile kioo kama aliyesomewa deni la duka. Wiki mbili baadaye, akiwa na vepu peke yake, ikatoka 2. Sigara huwaka kwa joto la kukaribia nyuzi 900 wakati wa kuvuta, na moto huo ndio unaozaa lami na gesi. Kifaa chako hakichomi kitu, ila kinapasha. Gesi hiyo huondoka mwilini ndani ya siku moja au mbili baada ya sigara ya mwisho, kwa hiyo utaona matunda ya uamuzi wako kabla ya wiki kwisha.

Jipe basi siku maalumu. Nunua podi na chupa inayostahili, zoea kifaa kwa siku tano au sita ukiwa bado na sigara zako, kisha asubuhi moja usiwashe ya kwanza. Huduma ya kuacha sigara ya mji wako ni ya bure, na Leicester ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa Uingereza, mwaka 2014, kuwapokea wanaotaka kuacha kwa vepu badala ya kuwafukuza. Mwaka 2023 serikali pia ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji vifaa vya kuanzia, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa pesa yako. Tena uliza kuhusu kutumia kiraka cha nikotini, kile kinachobandikwa kwenye ngozi, pamoja na kifaa katika wiki za mwanzo, kwa kuwa baadhi ya watu wenye utegemezi mkubwa hufaidika na vyote viwili.

Kwamba njia hii hufanya kazi si maneno ya wauza duka. Mwaka 2019 Peter Hajek na wenzake wa Queen Mary University of London walichapisha jaribio la watu 886 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa viraka, chingamu na dawa nyingine za nikotini walizozichagua, na nusu wakapewa kifaa cha kujaza chenye kimiminika cha miligramu 18. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya wenye kifaa walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya wenzao. Nakuomba uzisome namba hizo kwa pande zote mbili. Ya kwanza ni karibu maradufu ya ya pili. Lakini pia watu zaidi ya wanane katika kila kumi hawakufaulu katika jaribio hilo, kwa hiyo wiki zako tatu za chupa isiyofaa hazikutofautishi na wengi. Na kuna la tatu ambalo wauzaji hawalitangazi: kati ya waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta vepu baada ya mwaka. Mimi simharakishi mtu kuishusha nikotini. Miezi mitatu ya kwanza bila sigara iishe, kisha shuka hadi 10, ukae, halafu chini zaidi. Ukiona unaanza kuvuta mara mbili zaidi ili kufidia, umeshuka mapema.

Je, ni salama? Hapana, si kama hewa ya baharini. Shirika la Afya Duniani halikubaliani na Uingereza kuhusu kuvieneza vifaa hivi kama njia ya kuacha sigara, na hoja yake kubwa, ya vijana ambao hawakuwahi kuvuta, naiona ina uzito. Kama ungeniandikia kwamba huvuti sigara na unataka kujaribu kwa burudani, jibu langu lingekuwa mstari mmoja. Utasikia pia ikisemwa kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95. Makadirio hayo yalitolewa na taasisi ya afya ya umma ya England mwaka 2015, na mimi huwa sitaji tarakimu hiyo kwa wateja wangu, kwa kuwa ilitokana na maoni ya wataalamu na si kipimo cha maabara. Ninachosema ni kwamba kwa mtu anayevuta sigara kila siku, kuhama kabisa humwondolea sehemu kubwa sana ya sumu.

Ukiniruhusu, nina ugomvi mdogo na neno ulilolitumia. Wengi wetu tunakiita kimiminika hiki mafuta, na jina hilo lina hatari, kwa sababu kwenye kifaa hiki hakipaswi kuingia tone la mafuta ya aina yoyote. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa wa mapafu kwa wavuta vepu. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na vifo 68. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye asetati ya vitamini E, aina ya mafuta iliyotumiwa kuzimulia bidhaa za bangi za magendo. Usitie humo mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, wala ya kitu chochote cha jikoni au cha tiba. Nunua duka linalouza bidhaa zilizosajiliwa kwa MHRA, mamlaka ya dawa ya hapa.

Jambo moja la kifamasia, maana kazini watu hulisahau. Moshi wa sigara, si nikotini, huichochea ini kuzichoma upesi baadhi ya dawa, zikiwemo klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, na theofilini ya pumu. Ukiacha moshi, dawa hizo hupanda kwenye damu. Kama wewe au mtu unayemfahamu anazitumia, daktari aambiwe kabla ya siku ya kuacha, si baada. Kafeini nayo iko katika kundi hilo. Mtu aliyekuwa akinywa vikombe vinne vya kahawa bila tabu hujikuta, wiki ya kwanza bila sigara, anatetemeka na hapati usingizi, akadhani ni arosto ya nikotini. Punguza kahawa kwa nusu, kisha uone.

Betri yako ni ya lithiamu. Ichaji mezani ukiwa macho, si chini ya mto, na usiiache garini jua likiwaka.

Sasa safari. Ndani ya ndege kifaa huwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloenda chini, na hakichajiwi angani. Lakini kwa njia yako usifike huko: kiache nyumbani. Qatar imezuia vifaa hivi, na sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza hata kuviingiza nchini, kwa hiyo kwenye harusi ya Kampala ungekuwa umebeba tatizo mfukoni. Wiki moja kabla ya kuondoka nenda kwa mfamasia uchukue viraka vya nikotini na vidonge vya kumung'unya. Kwa aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kiraka cha saa 24 huanzia miligramu 21, na kwa aliyekuwa akiwasha ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka kidonge ni cha miligramu 4; lakini kama hadi Desemba utakuwa umeshusha nguvu ya nikotini kwenye chupa, mweleze ili apunguze. Beba vya kutosha safari nzima. Vidonge vitakufaa zaidi jioni ya harusi, pale wajomba watakapotoka nje na pakiti.

Unapoondoka, mwaga kilichobaki kwenye podi, kiache kifaa na chaji nusu, na chupa uziweke juu ya kabati kwenye kufuli. Chupa moja ya mililita 10 yenye nguvu ya 20 ina miligramu 200 za nikotini, inanukia tunda, na kizibo chake cha kuwazuia watoto hakifanyi kazi kama mtu mzima hakukifunga hadi mwisho. Ikimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni. Mtoto akiimeza, usisubiri dalili, piga 999 papo hapo. Na ile chupa ya 3 mrudishie mwenzako, kwa dude lake haina kosa lolote.